Tupige tena picha za vilima vyetu



Katika mikutano yetu, kutoka Masisi mpaka Mubi, kuna ubishi usioisha. Mzee anasema: "Hapa kulikuwaka pori tupu, na mto ulijaa samaki." Kijana anajibu kwamba hata zamani watu walilima. Fundi wa mradi anafika na karatasi zake, anasema mkulima ndiye anayemaliza pori. Kila mmoja anasema kwa nguvu, lakini hakuna anayeleta ushahidi. Sisi tunaona kuna ushahidi mmoja ambao koperative yoyote inaweza kuutengeneza: picha.

Kazi yenyewe ni hii. Unatafuta picha ya zamani ya kilima, bonde au mto. Unaenda kusimama palepale aliposimama yule aliyeipiga, unaelekea upande uleule, unapiga tena. Kisha unaweka picha zote mbili mezani, watu wanaangalia.

Wengine wameisha kufanya hivyo, na waliyoyaona yanafundisha. Kule Machakos, Kenya, picha za mwaka 1937 zinaonyesha vilima vilivyochunwa, udongo umekwenda na mvua. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba ardhi ile inakufa. Mwaka 1991 watafiti walirudi mahali palepale. Watu walikuwa wameongezeka sana, kutoka karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Lakini vilima vilikuwa na matuta ya fanya juu, miti na mashamba yaliyotunzwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya kusaidiana vya wakulima wenyewe, mama wakiwa mbele.

Ethiopia ya kaskazini ni vilevile. Waingereza waliokwenda kupigana na Mfalme Tewodros mwaka 1868 walipiga picha njiani. Miaka 140 baadaye watafiti walipiga tena. Wengi waliamini kwamba zamani kulikuwa na misitu na leo ni jangwa. Picha zikaonyesha kwamba tayari mwaka 1868 miti ilikuwa michache, na kwamba leo, pale ambapo watu wamejenga kuta za mawe na kuzuia mifugo milimani, hali ni nzuri kuliko ile ya mababu.

Lakini tusijidanganye, picha haisemi kila mara habari njema. Kwenye Ruwenzori, mlima ambao upande mmoja uko kwetu katika teritware ya Beni, Mwitaliano Vittorio Sella alipiga picha za barafu mwaka 1906. Wakati ule barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5. Kufika mwaka 2003 haikubaki hata kilomita moja. Hapo hakuna wa kubishana.

Sasa, sisi wa Mubi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Tangu kasiterite ya Bisie ilipoanza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wageni wamepiga picha nyingi za Walikale: mashimo, mizigo mgongoni, ndege zikitua juu ya barabara pale Kilambo. Nani alipiga picha ya shamba la mpunga? Nani ana picha ya bonde la mihogo la mwaka uleule? Dunia inajua madini yetu, haijui kilimo chetu. Na asiyejulikana kwamba analima, kesho ataambiwa kwamba hapa hakuna mtu.

Hilo si maneno ya kutisha tu. Tarehe 1 Julai 1885, dola ya Leopold ilitangaza kwamba ardhi "tupu" ni mali ya serikali. Shamba lililoachwa lipumzike, pori la kuwinda, miti ya mawese iliyopandwa na babu, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa ardhi tupu. Na sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa serikali, na iliiacha ardhi ya mila ingoje amri yake. Picha haitoi hati, tusidanganyane. Lakini picha yenye tarehe, inayoonyesha bonde limelimwa mwaka huu, limepumzishwa mwaka ujao, kisha limelimwa tena, inasaidia kueleza kwamba kupumzisha si kutupa. Na kwa vijiji vinavyotafuta au vilivyo na pori la jamii kufuatana na amri ya 2014, picha za kila mwaka zitasaidia kuonyesha jinsi pori linavyotunzwa.

Kwa wa Masisi, kwenye miteremko mikali, kuna sababu nyingine. Watafiti waliochunguza eneo letu la Kivu wameona kwamba pori likikatwa mlimani, maporomoko huongezeka kwa miaka karibu 15. Nyufa na mteremko unaoanza kushuka vinaweza kuonekana kwenye picha kabla havijameza nyumba.

Tunashauri hivi. Kila koperative ichague sehemu tano: kilima, bonde, ukingo wa mto, mpaka wa pori na shamba, na barabara. Pale pa kusimama muweke jiwe au alama ya simenti. Piga kila mwaka mwezi uleule na saa ileile, juu kwetu mvua hainyeshi kwa kalenda, na shamba la kupanda halifanani na shamba la kuvuna. Andika tarehe, mahali na jina la aliyepiga. Weka nakala mbili mahali tofauti, simu ikiibiwa kazi isipotee. Picha za zamani tuziulize kwa parokia, kwa familia, na kwa makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ambako picha nyingi za Kongo zimelala.

Mjihadhari pia. Muombe ruhusa kwa chefu na kwa mwenye shamba. Msipige askari, barrière wala machimbo. Picha moja ya namna hiyo inaweza kumpeleka mtu kwenye shida kubwa. Na picha isitumiwe kufukuza jirani. Yule mzungu wa zamani alichagua pa kuelekeza kamera, na mara nyingi aliwaacha watu nje ya picha. Pori lisilo na mtu kwenye karatasi halisemi kwamba halikuwa na mwenyewe.

Kuna watakaouliza: mbegu hatuna, barabara ni matope, mnatuletea picha? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba kazi hii inakula asubuhi moja kwa mwaka na simu moja ambayo tayari iko mfukoni mwa memba. Na siku ya kuomba mbegu au kudai barabara, tutakuwa na cha kuweka mezani.

Picha ya mwaka huu, baada ya miaka thelathini, ndiyo itakayokuwa picha ya zamani. Watoto wetu wasiende kuitafuta Ulaya.