Baada ya Shangwe za Uwanjani



Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Sisi wa Isiolo tutayatazama mashindano hayo majumbani, jamaa na majirani pamoja. Katika baadhi ya nyumba hizo wamo watoto wenye ulemavu ambao, mgeni akibisha hodi, hupelekwa chumba cha ndani. Tukikusanyika kushangilia, na wao watakuwa wapi?

Michezo mikubwa huweza kuufungua mlango wa chumba hicho. Henry Wanyoike, Mkenya mwenzetu, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupatwa na kiharusi, naye angali kijana. Mwaka 2000, katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Sydney, alikimbia mita 5,000 akiwa na kiongozi wake. Karibu na mwisho kiongozi aliishiwa nguvu, na kipofu ndiye aliyemvuta mwenye macho hadi mstarini. Akatwaa dhahabu. Mwaka 2004, mjini Athens, akatwaa nyingine mbili.

Lakini shangwe hupoa, na heshima ya mja haingoji medali. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa staha, kupata elimu, kufika mahali pa umma na kutumia lugha ya ishara au maandishi ya nukta nundu. Haki hiyo ni ya binti asiyeweza kukimbia hata hatua moja.

Dini yetu ilitangulia. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na kwa sababu yake iliteremshwa Suratu Abasa. Mtume (s.a.w.) alimfanya muadhini pamoja na Bilal (r.a.), na alipotoka safarini alimwachia usimamizi wa Madina. Hakuonewa huruma tu. Alipewa kazi na amana.

Basi, enyi kina mama na kina baba, mechi zitakapoanza mtoto huyo na aketi mbele pamoja na wenzake. Asiyeona asimuliwe, asiyesikia aelezwe kwa ishara. Tangu sasa tuiulize kamati ya msikiti: mwenye kiti cha magurudumu ataingilia wapi, na atatawadha wapi? Tumuulize mwalimu mkuu kama choo cha shule kinamfaa msichana asiyeweza kuchuchumaa. Na kaunti inapoitisha vikao vya wananchi kuhusu bajeti, twende tukadai njia za mteremko katika uwanja, shule na zahanati. Kombe litakwenda na mshindi wake. Njia hizo zitabaki kwetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatendea haki waja wake wote. Amin.