Kanga Ukutani, Mgeni Mlangoni

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mnamo Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, vyama vya Waswahili ughaibuni vimepata sikukuu yao. Katika miji ya Marekani na Uingereza hukodiwa ukumbi, hutandazwa kanga ukutani, hupikwa pilau na sambusa, hualikwa afisa wa ubalozi, na watoto waliokaririshwa beti mbili tatu hupandishwa jukwaani kuzighani. Hotuba nyingi hutolewa kwa Kiingereza, kwa kuwa watoto wenyewe hawangeifuata hotuba ya Kiswahili. Mwisho wa shughuli hupigwa picha, na katika ripoti ya mwaka huandikwa kwamba urithi umehifadhiwa.

Mlangoni mwa ukumbi huohuo aghalabu husimama mtu ambaye hakualikwa. Ni mama aliyezaliwa Uvira au Fizi, akalea watoto katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na akashuka uwanja wa ndege miezi sita iliyopita. Mkononi ana bahasha tatu asizoweza kuzisoma: moja ya hospitali, moja ya shule, na moja ya deni la nauli ya ndege iliyomleta. Amesikia kwamba humo ndani wamo watu wanaosema lugha yake. Huombwa asubiri, kisha huambiwa kwamba chama hiki ni cha utamaduni, na kwamba mambo ya bahasha yana ofisi zake.

Jibu hilo hutolewa kama kwamba ni suala la mgawanyo wa kazi tu. Kwa hakika ndilo linalokiua kile ambacho chama hudai kukihifadhi. Lugha hudumu pale inapohitajiwa, na ughaibuni hakuna anayekihitaji Kiswahili kuliko mtu ambaye hana lugha nyingine ya kumweleza daktari maumivu yake. Chama kinachompa mgongo mtu huyo kimeipa mgongo sababu ya mwisho ya Kiswahili kusemwa nje ya jukwaa.

Kutenganisha utamaduni na msaada hakuna asili katika historia ya Waswahili wenyewe. Vyama vya beni, vilivyoenea kutoka mwambao hadi bara katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, vilicheza gwaride, vikashindana kwa mavazi na kugawiana vyeo. Lakini, kama alivyoonyesha Terence Ranger katika utafiti wake uliochapishwa 1975, vilikuwa pia vyama vya kusaidiana katika maradhi na mazishi. Mtu aliyetoka bara akaingia mjini bila jamaa aliweza kupata humo ndugu, cheo, na watu wa kulibeba jeneza lake. Mjini Mombasa, vyama vya lelemama alivyovichunguza Margaret Strobel viliwakusanya wanawake wa asili mbalimbali, wakiwemo wa uzao wa watumwa, na mlango wa ngoma ukawa kwao mlango wa kuingilia mjini. Aliyepokewa alijifunza kuimba, na aliyejua kuimba alikwisha kupokewa. Ngoma na sanda zilitoka mfuko mmoja.

Mfano wa Kongo unawahusu wageni wa leo kwa karibu zaidi. Lubumbashi, ulioitwa Elisabethville wakati wa ukoloni, ni mji uliojengwa na migodi na kujazwa na wahamiaji, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja ingawa wachache mno kati yao walizaliwa nacho. Mwaka 1965 André Yav aliiandika historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani. Kitabu chenyewe, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, kina jina la Kifaransa lakini kimeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga, tena kikapigwa taipu na kurudufiwa bila mchapishaji mkubwa. Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, na tangu hapo wanahistoria hawajaacha kukirejelea. Watumishi hao waliandika kwa Kiswahili walichokuwa nacho, miaka miwili kabla BAKITA haijaundwa, na wala hawakungoja mtu wa pwani aje kuwasahihisha. Chama cha watu wanyonge, kilichoundwa kwa ajili ya kujuana na kushikana mkono, kiliacha urithi ambao vyama vingi vya utamaduni havijakaribia kuuacha.

Watoto na wajukuu wa Kongo ya mashariki ndio wanaosimama mlangoni leo. Katika mwaka wa fedha 2016 pekee, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi kuliko waliotoka nchi nyingine yoyote, na Kongo ilishika tena nafasi hiyo katika miaka kadhaa iliyofuata. Wengi walitoka Kivu, na Kiswahili ndicho lugha waliyozungumza sokoni, kanisani na kambini. Msaada wa mwanzo wa mashirika ya mapokezi ulipangwa kwa siku 90. Baada ya hapo familia hutarajiwa kujitegemea. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa, na mashirika mengi yakapunguza wafanyakazi. Machi mwaka huohuo ikafutwa amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozielekeza idara za serikali kuu kuwafikishia huduma watu wasiokimudu Kiingereza. Anayemwambia mgeni kwamba mambo ya bahasha yana ofisi zake anamwelekeza kwenye mlango ambao huenda umekwisha kufungwa.

Lipo pia jambo lisilosemwa katika mikutano mikuu lakini husemwa jikoni, masufuria yanapooshwa: kwamba hawa si Waswahili hasa. Husema "batu" badala ya "watu". Husema "niko nakula" pale mtu wa Unguja angesema "ninakula", na shule wao huiita "masomo". Watoto wao wakiletwa kwenye darasa la Jumamosi, mwalimu hucheka kwanza, kisha husahihisha. Wakirudi nyumbani hukataa kumjibu mama yao kwa lugha waliyochekewa, na wiki ya tatu hawaji tena. Darasa lililofunguliwa ili kuokoa Kiswahili limewanyamazisha watoto waliokuja nacho kutoka nyumbani.

Kicheko hicho hujifunika joho la usanifu. Lakini Kiswahili sanifu kina tarehe ya kuzaliwa na kina wazazi wanaojulikana. Johann Ludwig Krapf na wamisionari wa Mombasa walikuwa wamejenga kazi zao juu ya Kimvita. Ni Kiunguja kilichochaguliwa kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 chini ya serikali za kikoloni ikapewa jukumu la kukisanifisha kwa ajili ya shule na vitabu. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, na waandishi wa nchi kadhaa wameufaidi. Haukuwa kamwe hukumu ya nani ni Mswahili. Mwana Kupona aliyetunga kwa lahaja ya kaskazini, na Dada Masiti wa Barawa aliyetunga kwa Chimwini, wasingefaulu mtihani wa insha wa darasa la Jumamosi. Majina yao hutajwa kwa fahari katika hotuba za tarehe 7 Julai na watu walewale wanaomcheka mama wa Uvira.

Nchini Uingereza dharau ya lahaja imekuwa na bei inayolipwa na watu hai. Mamlaka za uhamiaji zimetumia uchambuzi wa matamshi na msamiati ili kuamua asili ya waomba hifadhi, wakiwemo Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia. Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili, na wasemaji wake hupatikana pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo Mbajuni wa Somalia anaweza kushukiwa kuwa Mkenya kwa sababu ya namna anavyotamka neno. Mbele ya hakimu, tofauti ndogo ya lahaja huwa tofauti kati ya kukaa na kurudishwa. Chama ambacho kingekuwa kimewarekodi wazee wake, kikaandika majina yao ya samaki, ya pepo na ya sehemu za jahazi, kingekuwa na ushahidi wa kuweka mezani. Chama kilichotumia miaka yake kikiwafundisha wazee hao "kusema vizuri" hakina la kusema.

Fasihi imekwisha kuliona jambo hili. Katika *By the Sea* (2001) ya Abdulrazak Gurnah, Saleh Omar anatua Gatwick akijifanya hajui Kiingereza. Wanaomshughulikia wanatafuta mtu wa kumtafsiria, na jina linalopatikana ni la Latif Mahmud, mhadhiri aliyetoka Zanzibar vilevile, ambaye historia ya nyumba yao imefungamana na ya mzee huyo kwa deni na kinyongo. Hata inapobainika kwamba mkalimani hahitajiki, wawili hao wanakutana na kuzungumza, na ndani ya mazungumzo hayo Zanzibar nzima iliyopotea inarudi, chumba kwa chumba. Kumbukumbu yote hiyo imefunguliwa na ombi la kawaida kabisa la msaada. Asingetafutwa mtu wa kumsaidia mgeni, kisa cha nyumba zile mbili kisingesimuliwa.

Watetezi wa mgawanyo wana hoja zao, nazo zinastahili majibu. Husema kwamba viongozi wa vyama ni watu wa kujitolea, wanaofanya kazi zamu mbili na kuendesha chama usiku. Ni kweli, lakini muda unaotumika kutafuta mgeni rasmi na kupanga meza za vigogo ungetosha kuzisoma bahasha nyingi. Husema pia kwamba sheria ni hatari, na hapo wana haki: Uingereza, tangu Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuidhinishwa ni kosa la jinai. Lakini kumsomea mtu barua ya shule, kumsindikiza kliniki, au kumfikisha kwa mshauri aliyeidhinishwa si kutoa ushauri wa uhamiaji. Woga wa sheria haupaswi kuwa kisingizio cha kuogopa watu. Wengine huhofu kwamba lahaja zikiruhusiwa darasani, watoto hawatajifunza usanifu. Mtoto anayejua kwamba nyumbani husemwa "batu" na kitabuni huandikwa "watu" amejifunza mambo mawili. Aliyechekwa hajajifunza hata moja.

Kinachodaiwa hapa hakihitaji ruzuku kubwa. Mikutano ya vyama iendeshwe kwa Kiswahili, ili anayekijua zaidi ya Kiingereza awe na sauti na si mtazamaji. Katika kila shughuli iwekwe meza karibu na mlango, yenye watu wawili wanaosoma barua. Mfuko wa mazishi umfungulie mgeni tangu siku anayofika, kwa maana mauti hayangoji mwaka wa uanachama utimie. Wazee wa Kivu, wa Barawa na wa Visiwa vya Bajuni waitwe darasani kama walimu, walipwe nauli na posho, na sauti zao zirekodiwe kwa idhini yao. Na kamati kuu ziache kuwa mali ya wale waliotangulia kufika.

Ipo methali ambayo kila chama huijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu husemwa kwa kejeli, ili mgeni ajue kwamba karamu imekwisha. Wanaoisema hivyo husahau kwamba anayepewa jembe huonyeshwa pia shamba, na aliyeonyeshwa shamba ana haki ya kusema juu ya mavuno. Mama mwenye bahasha tatu huwasimulia watoto wake hadithi kila usiku kwa Kiswahili, bila bajeti na bila jukwaa. Chama kinachotaka kujua urithi uko wapi kimfungulie mlango, kimsomee bahasha zake, kisha kimwombe awasimulie watoto wa ukumbini hadithi moja.