Mgeni aje Arcachon, lakini nani alipie maji taka?

Ni bidhaa chache zinazojiuza zenyewe katika pwani ya kusini magharibi ya Ufaransa kama siku tatu za mapumziko kwenye Ghuba ya Arcachon. Mteja anapanda treni kutoka Bordeaux kwa muda wa kama saa moja, anakodi baiskeli, anavuka kwa mashua hadi Cap Ferret, na kula chaza wabichi hatua chache kutoka mahali walipokuzwa. Mchana anapanda Dune du Pilat, kilima cha mchanga chenye kimo cha zaidi ya mita 100, ambacho hakina mwenzake Ulaya nzima. Jioni anarudi hotelini akiwa amechoka, ameshiba, na pochi yake imepungua uzito.

Siri ya biashara hii ni kwamba chakula na matembezi vinatoka kwenye mtaji mmoja: maji. Ghuba hiyo ina eneo la kama kilomita za mraba 155 maji yanapojaa. Yakipwa, hubaki kama 40 tu, na mafungu ya mchanga na matope yanatokeza. Hapo ndipo wakulima wa chaza wanapoweka magunia yao ya wavu juu ya meza za chuma. Hapo ndipo wageni wanapopiga makasia, na hapo ndipo ndege wanaotazamwa katika hifadhi ya Le Teich wanapopata riziki yao.

Chaza huuzwa kwa namba. Namba 5 ni mdogo na namba 0 ni mkubwa, na anayetakiwa zaidi sokoni ni namba 3. Kumfikisha hapo huchukua kama miaka mitatu. Mkulima akimuuzia mfanyabiashara wa jumla, faida inagawanywa njiani kati ya dalali, msafirishaji na mwenye duka. Akimkaribisha mgeni kwenye kibanda chake huko L'Herbe au Gujan-Mestras, akampa dazani moja pamoja na mkate, siagi, ndimu na glasi ya mvinyo mweupe, fedha hiyo yote inaingia mfukoni mwake. Hapo methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone inatimia bila ubishi.

Lakini mgeni hali tu. Anaoga, anatumia choo, anafuliwa mashuka, na anajengewa nyumba na maegesho ya magari. Maji ya shughuli hizo zote yanahitaji pa kwenda, na ni upande huu wa hesabu ambao matangazo ya utalii hayaugusi.

Desemba 2023 upande huo ulijitokeza wenyewe. Baada ya mvua kubwa za miezi ya mwisho wa mwaka, mifereji ilizidiwa na maji machafu yakafika kwenye ghuba. Watu waliokula chaza waliugua matumbo kutokana na norovirusi. Tarehe 27 Desemba mamlaka za mkoa wa Gironde zilipiga marufuku kuvuna na kuuza chaza wa Arcachon, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Januari 19, 2024. Ufaransa huuza karibu nusu ya chaza wake wa mwaka mzima katika msimu wa Krismasi na Mwaka Mpya. Kumfungia mkulima mlango katika siku hizo ni sawa na kumfungia mwenye duka la nguo katika wiki ya sikukuu.

Ikumbukwe kuwa chaza mwenyewe hakuwa mgonjwa. Kazi yake ni kuchuja maji ili apate chakula, na anachokikuta majini ndicho anachokibeba. Aliyechafua maji alikuwa nchi kavu, ila aliyepoteza mauzo ni yule aliyekuwa na buti zake ndani ya matope.

Si mara ya kwanza kwa ghuba hiyo kuona starehe ya mmoja ikimtia hasara mwingine. Katika miaka ya 1970 mashua za kifahari ziliongezeka, nyingi zikiwa zimepakwa rangi yenye kemikali ya tributiltini, inayozuia viumbe kujishikiza chini ya chombo. Kemikali hiyo haikubagua. Watoto wa chaza walishindwa kukua, na makombe ya wakubwa yakavimba na kuharibika. Mavuno yaliyokuwa yakizidi tani 10,000 kwa mwaka yaliporomoka hadi kama tani 3,000 mwaka 1981. Mwaka 1982 Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa mashua zenye urefu wa chini ya mita 25, na chaza wakaanza kurudi.

Wenye mashua walipaswa kununua rangi nyingine, lakini utalii haukufa. Kinyume chake, somo hilo lilisafiri. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, uliiondoa rangi hiyo kwenye meli kubwa za biashara, zikiwamo zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam.

Wenye hoteli wana hoja yao, nayo ni ya kusikilizwa. Wanasema wageni wengi huja majira ya joto, wakati chaza walichafuliwa majira ya baridi. Kwamba virusi hivyo huenea hata kwa wenyeji. Na kwamba mvua haina mwenyewe. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, saruji na lami iliyomwagwa ili kupokea wageni haiondoki Septemba wageni wanapoondoka. Nyumba za mapumziko hubaki pale pale, na maji ya mvua ambayo zamani yalinywewa na mchanga wa misonobari sasa yanakimbilia kwenye mifereji. Tangu Julai 2017, treni ya kasi ilipopunguza safari ya Paris hadi Bordeaux kuwa saa mbili na dakika chache, ghuba hiyo imesogea karibu zaidi na wenye fedha. Mahitaji hayatapungua.

Swali basi ni la kibiashara tu: gharama hiyo ibebwe na nani? Kwa sasa inabebwa na mkulima, ambaye hana uwezo wa kuzuia mvua wala wa kukarabati bomba. Hii ni hesabu mbovu. Kila mgeni anayelala Arcachon hulipa kodi ndogo ya kulala, na sheria ya Ufaransa inaruhusu fedha hizo kutumika kuendeleza utalii au kulinda maeneo ya asili yanayotembelewa. Ghuba ni eneo la asili linalotembelewa kuliko hoteli yoyote. Kabla ya kuchapa kipeperushi kingine chenye picha ya chaza na ndimu, sehemu ya fedha hiyo ingepaswa kwenda kuilinda, na anayeomba kibali cha kujenga aoneshe kwanza maji ya mvua ya kiwanja chake yatakwenda wapi.

Wapo watakaosema bei ya mapumziko itapanda. Itapanda kidogo. Lakini mgeni hakimbii senti chache zilizoongezwa kwenye bili ya chumba. Anakimbia kitanda alicholala akiwa ameshika tumbo, na akifika kwao husimulia. Jina la Arcachon likishaharibika sokoni, hasara haitaishia kwa wakulima. Itafika kwa mwenye hoteli, mkodisha baiskeli na nahodha wa mashua ya Cap Ferret.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Arcachon, ufa huo uko kwenye bomba, na gharama ya kuuziba si ya mkulima wa chaza peke yake.