Bibi kaja mjini, mjukuu anatafuta mkalimani!

Wewe uliyekulia Soweto au Mwanjelwa pale Mbeya, au Kihesa kule Iringa, ukisalimiwa "ugonile" au "kamwene" unajibu "poa". Ukiulizwa kabila unasema mama Mnyakyusa, baba Mhehe, "ila mimi hizo lugha sizijui", tena kwa kujidai, kama mtu aliyefaulu mtihani. Mwanao umempeleka shule ya ung'eng'e ili akili ichangamke. Bibi yake akija kutoka Tukuyu mnakaa sebuleni mnatazamana, anayeongea ni televisheni.

Yaani unalipa ada, halafu mwalimu wa bure aliyeko nyumbani umemnyamazisha!

Hebu mtazame konda wa daladala ya Uyole. Anaita abiria kwa Kiswahili, anamwamkia mama mwenye tenga la parachichi kwa Kinyakyusa, anazozana na dereva kwa Kisafwa. Akipanda mtu wa kutoka ng'ambo ya Tunduma, hakosi maneno mawili matatu ya Kibemba. Wala hachanganyi madawa, mama wa watu akapata matusi ya dereva. Wataalamu wa ubongo wanasema mwenye lugha mbili hazimi moja kama redio. Zote zinabaki macho, kazi yake ni kuibana hii ili ile ipite.

Lakini bingwa wa kubana neno si konda, bwana. Ni mke wa Kinyakyusa wa zamani. Rungwe kulikuwa na mila ya kumkwepa baba mkwe, wenyewe wanaiita ingamwana. Mwali akiolewa, mkwe hamtazami usoni, akimwona njiani anakata kona, na jina lake halitaji. Wala si jina tu, hata neno la kawaida linalofanana nalo kwa sauti ni mwiko. Chukulia ingekuwa kwa Kiswahili, mkwe anaitwa Majuto. Basi "maji" kwako ndiyo kwaheri! Kila siku unakwenda mtoni kuchota kitu ambacho itabidi ukiite vingine. Sasa hebu fikiria: mtoto mgongoni, chungu motoni, wifi kakaa pembeni katega masikio, na neno la kwanza linalokujia ndilo hilohilo la kumeza. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa Rungwe miaka ya 1930 kuchunguza maisha ya Wanyakyusa, waliliona hilo, na Monica akaandika habari za kumkwepa mkwe. Mabibi hao wengi darasa hawakuliona, lakini hiyo gimu ya ubongo waliifanya asubuhi mpaka jioni.

Je, inasaidia? Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake kule Toronto, Canada, walipitia mafaili ya wazee waliougua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wakakuta waliozoea lugha mbili walianza kuugua wakiwa wamechelewa miaka kama 4. Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake huko Hyderabad, India, wakaangalia wagonjwa 648 na kupata miaka 4 na nusu, hata kwa wasiojua kusoma. Hao wasiojua kusoma ndio walionikuna mimi. Ila tusidanganyane. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine wa Canada, wa watu zaidi ya 11,000, haukuona wenye lugha mbili wakiwashinda wenzao kwenye majaribio ya akili. Kwa hiyo mtu akikuambia Kihehe kitamfanya mwanao awe wa kwanza darasani, mwambie akuuzie na dawa ya chunusi.

Kwangu faida iko upande wa moyo. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba watu wakiulizwa mambo ya kubahatisha pesa kwa lugha ya kujifunza, woga wa hasara unapungua kuliko wakiulizwa kwa lugha waliyozaliwa nayo. Lugha ya shule ina ubaridi wake. Demu akikumwaga kwa meseji ya Kiingereza inauma, sawa, lakini unaweza kuirudia mara mbili ukatafakari. Akikumwaga kwa lugha ya mama yako, simu yenyewe unaitupa. Mwenye lugha tatu ana pa kukimbilia: hapa pakiwaka moto, anahamia chumba cha pili anavuta pumzi.

Na kuna siku ubaridi huo hautakiwi. Nenda msibani Iringa. Watu wamepiga Kiswahili chao safi tangu jana yake, kamati, michango, turubai. Jeneza likiingia tu, Kihehe kinatoka chenyewe.

Sasa mpeleke bibi wa Kilolo kwa daktari. Miezi miwili hali, halali, tangu azike. Daktari kijana, mwenyeji wa mkoa mwingine, anamuuliza kwa upole kama ana sonona. Bibi anatafakari, anajibu hana, labda malaria. Anaandikiwa kipimo cha malaria. Mtu pekee mle chumbani ambaye angeweza kumuuliza upya, kwa lugha aliyolilia nayo, ni mjukuu aliyemsindikiza. Naye Kihehe chake kinaishia kwenye "kamwene".