Chombo Hakingoji Mchoraji

Mpenzi msomaji, je, mtoto wako amewahi kukuletea karatasi yenye mashua, mawimbi na wingu moja, nawe ukamwuliza tu kama amemaliza hesabu zake? Basi leo soma habari za Eugène Boudin.

Boudin alizaliwa mwaka wa 1824 huko Honfleur, bandari ndogo ya Ufaransa. Kati yake na mji wa Le Havre ni maji matupu, pale Mto Seine unapoingia baharini. Baba yake alikuwa baharia, naye Boudin akiwa angali mtoto alifanya kazi katika chombo cha babake. Anayevuka maji kila mara hujua kwamba mbingu na bahari hazibaki vilevile hata kwa nusu saa.

Alipokuwa mchoraji, elimu hiyo ilimfaa. Alisimama ufuoni na bandarini akichora vyombo na mawingu. Chombo kinachopita hakimngoji mtu, kwa hiyo alichora upesi, kisha akaandika kwenye karatasi tarehe, saa na upepo ulikotoka. Mwaka wa 1859 mshairi Charles Baudelaire aliiona michoro hiyo akastaajabu. Alisema kwamba hata bila maandishi, mawingu yenyewe yalitosha kumweleza mtu saa na upepo.

Je, angefika huko peke yake? La. Mwaka wa 1851, baraza la mji wa Le Havre lilikubali kumlipia masomo ya miaka mitatu mjini Paris. Naye hakuwa mchoyo. Alikutana na kijana aliyechora watu kwa mzaha na kuuza michoro hiyo, akamhimiza atoke nje achore bahari na anga. Kijana huyo alikuwa Claude Monet, ambaye baadaye alisifika duniani kote. Hata uzeeni, Monet alikiri kwamba ni Boudin aliyemfumbua macho.

Mzazi, si lazima ununue rangi za bei ghali. Penseli na karatasi vyatosha. Mfundishe mwanao aandike nyuma ya kila mchoro tarehe, saa na hali ya hewa, kisha uuhifadhi. Nawe mwanafunzi, usingoje kifaa bora. Chora unachokiona kabla hakijapita.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukutane Jumapili ijayo.