Koti la Mvua la Mwenye Baiskeli ni Chombo cha Kazi

Ndugu wafanya kazi,

Kila tunapotaja koti la mvua la mtu anayekuja kazini kwa baiskeli, wako wanaocheka. Mabwana wa ofisini hucheka kwa sababu wao huja kwa motokaa. Na baadhi yetu wenyewe hucheka, wakisema baiskeli ni shauri la mwenye nayo. Leo nawajibu wote wawili.

Kwanza tazameni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mtu nyumba au posho ya nyumba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka ampe nguo za kujikinga yule ambaye kazi yake inamtia katika maji au vitu vya kudhuru. Basi mfanya kazi anajulikana akilala, na anajulikana akishika kazi. Lakini kati ya mlango wa nyumba na geti la kazi hajulikani. Hata Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, humhesabu kuwa kazini mtu anayechukuliwa bure kwa gari la mwajiri lililowekwa kwa ajili hiyo. Mwenye baiskeli yake kifungu hicho hakimtaji.

Na ni nani hao wa baiskeli? Wengi ni watu wa zamu. Zamu ya saa kumi na mbili asubuhi haingojei matatu ijae, na kila mtu wa Nairobi anajua kwamba mvua ikianza nauli hupanda. Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei, mvua fupi ni Oktoba mpaka Desemba. Hiyo ni nusu ya mwaka. Juni na Julai ni baridi. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, na wenzetu wa Timboroa wako zaidi ya meta 2,700. Ndugu wa Mombasa wasitucheke tukisema vidole vinakufa ganzi. Vidole vya ganzi havikazi breki sawasawa, na rimu iliyolowa haishikwi upesi. Hapo lori liko mbele yako.

Wanasema, "Nunua mwenyewe." Tumenunua! Tumenunua makoti ya plastiki ya bei rahisi, na mtu akipanda mlima anatoka jasho mpaka analowa kwa ndani kuliko kwa nje. Tumevaa makabuti ya zamani, nayo yanakunywa maji mpaka yanalemea kama gunia la mahindi. Tumejifunika shuka la nailoni lenye tundu la kichwa, na upepo wa lori ukalishika kama tanga.

Koti linalomfaa mwenye baiskeli ni jepesi, lina mikono, refu kidogo kwa nyuma, na lina matundu ya hewa kwapani. Lisiwe na kofia kubwa, kwa maana kofia ya koti haigeuki na kichwa: ukitazama nyuma unaona nailoni tupu. Vaa kofia yenye ukingo ndani ya helmeti. Ndani ya koti vaa sweta ya sufu, maana sufu huhifadhi joto hata ikilowa, lakini pamba ikilowa hukupoza. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Kaptura ni bora, kwa kuwa ngozi hukauka upesi kuliko kitambaa, na suruali ya kazi ikae mkobani ndani ya mfuko wa plastiki. Anayevaa suruali ndefu aibane kifundoni, mnyororo usiitafune. Glavu usizisahau. Na baiskeli iwe na madigadi, la sivyo matope yatakupanda mgongoni hata kama mvua imekwisha.

Koti la namna hiyo si bei ya mshahara wetu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye motokaa hamjui mwenye baiskeli.

Sasa nitaje jambo linaloniudhi kuliko yote. Mahali ninapofanya kazi tunapewa fulana ya kung'aa ili treni isitukanyage. Ni vizuri. Lakini zamu ikiisha fulana inarudishwa stoo, nasi tunatoka gizani na mashati meusi kuingia katika barabara yenye malori na matatu. Je, uhai wetu ni mali ya kazi mpaka saa ya kutoka, halafu hauna bei? Treni hupita kwa reli yake, na tunajua itapita wapi. Matatu hupita popote! Utepe wa kung'aa ufungwe hata vifundoni, kwa sababu mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva kwamba yule ni mtu.

Wengine watasema haya ni mambo madogo. Januari 1947, wafanya kazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari pamoja, waligoma wakidai mshahara wa kutosha. Hakuna haki yetu hata moja iliyodondoka kama embe bivu. Iliombwa, ikakataliwa, ikadaiwa.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wetu, mkataba wa pamoja utakapojadiliwa, wapeleke mambo haya manne:

1. Mtu wa zamu aruhusiwe kwenda nyumbani na fulana yake ya kung'aa.
2. Mwenye baiskeli apewe koti la mvua linalofaa, au posho ya kulinunua.
3. Pawe na chumba cha kukaushia nguo na mahali pa kufunga baiskeli, penye paa.
4. Mtu akiumia njiani kwenda au kutoka zamu, asiachwe mikono mitupu.

Na wewe ndugu unayecheka, njoo mkutanoni uinue mkono. Siku nauli itakapokushinda utakuwa na baiskeli wewe pia, na mvua haitakuuliza cheo.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa reli, Nairobi