Mambo ya Nyumbani: Mtoto Mdogo na Choo

Wako wazazi wengi, hata katika nyumba zinazofagiliwa kila asubuhi, wadhanio ya kuwa kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Husema kwamba mtoto hula maziwa na uji tu, basi uchafu wake si uchafu. Kwa sababu hiyo maji ya kufulia nepi humwagwa uani, na mtoto aanzapo kutembea huachwa aende haja nyuma ya nyumba, mahali kuku wanapochakura na nzi wanaporuka kwenda jikoni.

Ukweli ni kinyume. Kinyesi cha mtoto huweza kuchukua vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo sawasawa na cha mtu mzima. Tena mtoto mdogo ndiye ashikwaye na kuhara mara kwa mara, na ndiye achezaye chini na kutia vidole kinywani.

Mkulima huelewa jambo hili upesi akilitazama kama habari ya mbegu. Mnyoo jike wa aina ile ndefu ya mviringo huweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo yakianguka penye udongo wa unyevu na kivuli, huiva baada ya majuma mawili au zaidi, nayo huweza kudumu udongoni kwa miaka. Basi mtoto aendaye haja uani leo huenda akawa anapanda ugonjwa utakaovunwa na ndugu yake ambaye hajazaliwa bado.

Swali liulizwalo sana ni hili: mtoto aanze kuzoezwa choo lini? Watu hawajibu namna moja. Katika mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilitoa habari za utafiti wa Marten na Rachel deVries juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya. Kwa desturi walioieleza, mama alianza kazi hiyo katika majuma ya kwanza baada ya kuzaa. Aliketi chini akanyosha miguu, akamweka mtoto katikati ya miguu hiyo, akatoa sauti ya kumwita haja, mara nyingi mchana na usiku. Mtoto alipokojoa, alibembelezwa na kufurahiwa. Alipofika miezi mitano au sita, kwa kawaida alikuwa amekwisha zoea kuwa mkavu.

Huko Marekani, daktari T. Berry Brazelton alikuwa ameandika katika mwaka 1962 habari za watoto 1,170. Yeye aliwashauri wazazi wangoje mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe dalili za kuwa tayari, yapata miezi 18. Wengi wa watoto hao walizoea choo mchana walipokaribia miaka miwili na nusu.

Njia hizo mbili zinatofautiana kwa miezi mingi, lakini shina lao ni moja: mzazi amwangalie mtoto kwa makini, na amfundishe kwa upole. Mama ashindaye na mtoto kutwa mwilini mwake huweza kuzijua ishara zake mapema. Mama au baba aendaye kazini asubuhi na kurudi jioni huenda akapendelea kungoja. Kila nyumba na ichague kwa kadiri ya nafasi yake.

Kwa wale wangojao, dalili ni hizi. Mtoto hukaa mkavu muda wa saa mbili. Hujua kuchuchumaa na kuinuka. Hufahamu agizo dogo. Na haja ikimjia hunyamaza au hujificha. Hapo apewe poti yake mwenyewe. Choo cha shimo kina giza na tundu pana, na hofu ya mtoto mdogo juu ya tundu hilo ni ya haki, maana aweza kutumbukia. Aketishwe juu ya poti akiisha kuamka na akiisha kula, dakika chache tu, si zaidi ya tano. Akifaulu asifiwe; asipofaulu ainuliwe bila maneno makali.

Haifai kabisa kumpiga au kumwaibisha mbele ya watu. Mtoto aogopaye huizuia haja. Kinyesi hukauka, humwumiza kinapotoka, na kesho huizuia zaidi. Kukojoa kitandani nako si ukaidi, kwani watoto wengi wa miaka minne au mitano hukojoa bado usiku. Lakini mtoto alieacha kujikojolea kwa miezi mingi akianza tena, au akilia kwa maumivu akojoapo, apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Kumzoeza poti ni nusu ya kazi tu. Kinyesi kimwagwe chooni mara moja, poti ioshwe, na maji yaliyoiosha yamwagwe chooni pia. Mtoto wa kike apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha mikono inawiwe kwa sabuni, ya mtoto na ya yule aliyemsaidia. Sabuni ikikosekana, jivu safi na maji hufaa. Kibuyu chirizi kikitundikwa karibu na choo, kwa kimo cha mtoto, na kamba ya kukivuta kwa mguu, kunawa huwa mchezo aupendao, na maji hayapotei.

Tangu mwaka 2014 watoto wachanga katika Kenya hupewa matone ya chanjo ya virusi vya rota, ambavyo huleta kuhara kukali. Hiyo ni kinga kubwa, na kila mtoto aipate kwa wakati wake. Lakini matone hayo hayazuii kila namna ya kuhara, wala hayaui minyoo. Choo na sabuni bado vina kazi yao.

Wala kazi hii si ya mama peke yake. Baba aimwagaye poti na kunawa mikono mbele ya mwanawe amemfundisha zaidi ya amri mia. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini kwa mkono mpole.